Ng'ombe wa Chini ya Minazi

Chamge, salamu nyingi, Chebet wangu. Hapa Sotik tuko wazima. Mvua imerudi, majani chai yanatushinda kuchuma, na mamako anasema umekonda kwenye picha. Mimi nasema ni jua la Diani tu.

Umeniuliza wageni hupenda kuonyeshwa nini, maana unaanza kazi ya kuwatembeza na unaogopa kusahau maelezo. Mimi nilitembezwa huko mara moja, tukiwa tumeoana juzijuzi na babu yako. Tulikodi mwenyeji mwenye gari, atuzungushe siku moja, sisi wawili tu. Alikuwa amepanga mapango, msikiti wa zamani, kisha bahari.

Kabla hatujafika popote, babu yako akaona ng'ombe chini ya minazi. "Simamisha gari!" Akashuka na kibuyu chake cha mursik, akamwonjesha mchungaji maziwa yetu hayo ya mgando, wakaanza kuulizana majina ya ng'ombe. Nikaona aibu. Mtu atoke Sotik mpaka Pwani kutazama ng'ombe?

Yule mwenyeji akazima injini. Akashuka pia, akauliza, "Na kwenu huwa mnawaitaje?"

Mapango hatukuyaona. Bahari tuliiona jioni, haraka haraka. Lakini mpaka anatuacha, babu yako alisema watu wa Pwani wana adabu, walimwacha asalimie ng'ombe.

Maelezo yako soma, mama. Ila mgeni akisema simama, zima injini.

Nami nikija Desemba, bahari ingoje. Nitafutie kwanza ng'ombe chini ya minazi. Nimewabebea salamu za babu yako.

Ni mimi bibi yako, kogo.