Boliti ya Shokapu Yako, Kaka Luhende

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko salamu zinafika, lakini nikianza kuongea nawe bila shikamoo najua ungenikata jicho. Basi sikia. Boliti ya shokapu yako iko hapa kwenye benchi, mbele yangu. Wewe ulikwenda kaburini ukiamini nimeinunua. Sikuinunua, kaka. Leo nakwambia wewe nilikoitoa, kesho nitawaambia na wengine.

Unakumbuka siku uliyoileta baiskeli hapa Kambarage? Baiskeli ya yule mzungu wa kambi ya utafiti wa madini, uliyekuwa ukimkatia njia porini, akarudi kwao akakuachia. Matairi manene, fremu nyepesi, na kule nyuma, badala ya chuma kuungana na chuma kama baiskeli za watu wenye akili, kuna shokapu kama ya pikipiki! Mafundi wote wa mtaa waliacha kazi zao wakaja kubonyeza tandiko. Inashuka, inapanda. Tulicheka mpaka machozi. Ila boliti inayoishikilia shokapu kwenye fremu ilikuwa imedondoka njiani, bushi zake mbili, zile pete zinazoikaza boliti, zimelika, na wewe umeifunga kwa mpira wa tairi. Kila ukikanyaga inalia kwii, kwii.

"Hii utaiweza?" ukaniuliza mbele za watu.

Na mimi na mdomo wangu! "Nani, mimi? Keshokutwa unaondoka umeipanda."

Keshokutwa gani. Bushi nilizichonga kwa bomba la shaba, zikakaa vizuri. Boliti ndiyo iliyonitoa jasho. Yule mzee wa Kihindi wa duka la vipuri alilipima lile tundu kwa rula, akafungua makopo yake yote, moja baada ya jingine, mpaka adhuhuri. Mwisho akavua miwani. "Fundi, hii hutaipata hapa wala Mwanza," akasema. "Mfuate aliyeileta baiskeli." Nikaenda kwa fundi wa kerezo, akanichongea moja ya chuma laini, ikapinda ndani ya wiki. Akachonga ya pili. Hiyo ikakatika wewe ukiwa juu, ukachubuka goti lote. Hukunilaumu. Ulijifuta vumbi ukasema taratibu, "Mdogo wangu, kama haiwezekani, sema haiwezekani." Heri ungenitukana! Maneno hayo nililala nayo, nikaamka nayo. Fundi mzima nimeshindwa na kipande cha chuma cha urefu wa kidole.

Ndiyo maana nilikuja kwako Ushirombo na spana zangu bila kuitwa. Uliniona nimekuja kutembea. Nilikuja kutafuta boliti.

Ukanichukua kwa miguu mpaka machimboni, ukinitambulisha kwa kila mtu, "Huyu mdogo wangu, fundi." Tukapita duara moja, shimo la dhahabu lililosimama peke yake, miti yake mitatu bado imeegemeana juu ya shimo, roda ya kushushia watu inaning'inia, kamba imo. Majani yameanza kuota pembeni. Nikakuuliza mbona hakuna watu.

"Kuna mtu alikosa hewa humo chini," ukasema, ukaongeza mwendo. "Duara la msiba hilo. Haliguswi mpaka ndugu zake waje na kondoo achinjwe."

"Hata msumari?"

"Hata msumari. Hapa mwizi wa kila kitu yupo, lakini wa pale hayupo."

Wewe ulikuwa unaongea, mimi nilikuwa naiangalia roda. Ilitoka kambi ileile ya wazungu wako, nilijua kwa rangi yake ya njano. Na boliti iliyoishika ilikuwa ndefu sawasawa, nene sawasawa, chuma kigumu cha ng'ambo kisicho na hata kutu.

Kesho yake mchana, jua la utosi, ulikwenda mwaloni kuosha mchanga wa dhahabu. Nilikwambia nabaki kupumzika. Kaka, nilikwenda pale. Nilijiambia duara lile limekufa, nani atashuka tena mahali pa namna ile? Mimi mtu wa mjini, kondoo nilimsikia kama habari ya wazee tu. Nilifungua nati, nikaichomoa boliti, nikapachika kipande cha nondo nilichokiokota, nikakipinda ncha zote mbili kwa nyundo. Halafu nikapaka grisi na vumbi kisionekane kigeni. Hilo la vumbi ndilo linaloniua, maana pale nilijua ninachokifanya. Nilipogeuka kuondoka roda ilizunguka nusu mzunguko yenyewe, na upepo haukuwepo. Sikukimbia, lakini sikutembea pia.

Jioni ulipoikuta baiskeli iko tayari ulishika kichwa. "Umeipata wapi?"

"Kwa dereva mmoja wa lori, wa Kahama."

"Wabeja, asante mdogo wangu! Una mikono wewe!"

Ukampakia mkeo, Mama Kabula, kwenye bomba la mbele, ukazunguka naye uwanja mzima, anapiga kelele ameshika kitenge chake, na mwanenu Kabula anawakimbiza nyuma anacheka. Sijawahi kumuona shemeji akicheka vile. Na baiskeli ilikuwa kimya kabisa. Ile kwii, kwii haikuwepo tena. Nilisimama pale na spana mkononi nikitamani ilie japo kidogo.

Asubuhi ulinisindikiza stendi. Nimeshakaa dirishani, wewe uko chini umeegemea usukani, nikakuita. Ukasogea. "Kuna nini?" Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Nikasema, "Usiibebeshe mizigo mizito." Ukacheka, ukagonga bati la basi, dereva akatia gia.

Miezi miwili baadaye utingo wa basi la Ushirombo alikuja hapa kazini. Hakushuka kwenye ngazi kwa kelele zao zile. Alikuja polepole, amevua kofia. Kabla hajasema chochote nilimuuliza, "Roda?" Akanishangaa. Mpaka leo sijui kama aliliweka moyoni lile swali.

Mazishini ndipo waliponitolea habari yote, nami nikainama chini kama sijui. Ndugu wa yule aliyekosa hewa walikuja, kondoo akachinjwa, duara likafunguliwa. Kila kitu kilikuwa palepale kilipoachwa. Ukatangulia wewe kushuka kwa sababu uliwahi kufika, na uliwahi kwa sababu ya baiskeli. Roda ikaachia ukiwa katikati ya shimo. Nikamuuliza msimamizi wa machimbo, mtu mzima mwenye mvi, kwa sauti isiyo yangu, kama waliikagua roda. Akaniangalia kwa huruma. "Kijana, roda ya duara la msiba unaikagua nini? Nani angethubutu kuigusa?" Kumbe ndivyo mnavyofanya kazi. Roda nyingine zote mnazitikisa, mnazivuta, mnazipigia kelele. Ile mliiamini kwa sababu haikuguswa. Akanionyesha nondo ile, imekatika vipande viwili, amevifunga kwenye kitambaa. Akasema, "Kuna mkono wa mtu hapa. Tutaujua."

Kaka, nilirudi Shinyanga na ule mkono mfukoni.

Ningenyamaza mpaka nife, nakwambia ukweli. Aibu imenifundisha kunyamaza vizuri. Lakini juzi Mama Kabula alishuka hapa na basi, amemshika Kabula mkono, baiskeli yako iko juu ya paa imefungwa kwa kamba. Amekonda. Alinisalimia vizuri, akakaa kwenye kigoda chako, akainua pindo la kitenge chake kufuta jasho, halafu akatoa karatasi kifuani. Aliikuta imesukumwa chini ya mlango. Maneno mawili tu, kwa kalamu nyekundu: *Hama, mchawi.* Wanasema siku ya kondoo alionekana akipita karibu na miti ile. Alikuwa anakuletea chakula wewe! Sasa kisimani wakimuona wanabeba ndoo zao nusu wanaondoka. Mama Kabula, kaka, yule aliyekuwa anacheka mpaka kitenge kinadondoka. Unajua kwetu huku karatasi kama hiyo ikishakuja, kinachofuata si karatasi.

"Nakwenda Chato kwa kaka zangu," akasema. "Na basi la huko sipandi. Stendi ya Ushirombo kila mtu ataona nimeelekea wapi. Nitampakia Kabula tutapita njia za ndani. Ila shemeji, huku nyuma inacheza tena, sikia."

Akabonyeza tandiko. Kwii. Kwii.

Nikamwambia bushi zimelika, zikaila na boliti upande mmoja, na kifaa hicho hakipatikani, mzungu amekwenda nacho, hakipo Shinyanga wala Mwanza. Niliongea sana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanitazama usoni kama mtu anayeuliza jambo dogo.

"Si uliipata ile ya kwanza? Rudi hukohuko ulikoitoa."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta spana.

Jana mchana kutwa nilifikiri nimtengenezee tu aondoke. Bushi mpya naweza kuchonga. Boliti ningeipa pumzi ya safari moja, ingemfikisha Chato, na siri ingebaki hapa benchi. Kisha nikawaza: akiondoka, watasema si mnaona, amekimbia. Watamfuata mpaka Chato. Na nikawaza shokapu ikimwachia njiani, na Kabula yuko mbele kwenye bomba. Hapana. Damu moja inanitosha, hata hiyo siiwezi.

Kwa hiyo sitengenezi. Nimeifungua boliti, baiskeli imelala sakafuni. Nimemwambia shemeji abaki hapa na mtoto siku mbili, asiulize kitu. Kesho napanda basi la kwanza. Nitakwenda kwa yule msimamizi, nimwombe afungue kitambaa chake, niweke boliti hii kati ya vile vipande viwili vya nondo, niseme mkono ni huu. Wachimbaji wenzako watakuwepo, na sururu zao, na hasira zao za miezi yote hii. Naogopa, kaka. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Nimekata tiketi ya kwenda na ya kurudi, utingo akanicheka, eti siku hizi nani anakata ya kurudi mapema.

Basi tutaonana hapo kwenye miti mitatu. Nitasogea mpaka mdomoni mwa shimo, nikuamkie kama ninavyopaswa: shikamoo, kaka. Nakuomba jambo moja tu, maana anayeitikiwa na marehemu harudi, na nyumbani wananisubiri na baiskeli haijakwisha. Usiitike.

Mdogo wako,
fundi wa Kambarage