Baridi Inaelekea Wapi?

Jumatatu, 6 Mei

Fizikia imenivuruga kichwa. Mwalimu kasema chenye ukubwa tu ni skala. Chenye ukubwa na mwelekeo ni vekta. Umbali — skala. Nguvu — vekta. Nimeandika yote vizuri na kupigia mstari. Sijaelewa! Na Ijumaa ni mtihani. Atakayepata chini ya hamsini anaacha Fizikia mwakani. Mimi naitaka Fizikia. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 7 Mei

Nimeuliza: joto likiwa hasi, ile alama si mwelekeo? Si linashuka chini? Darasa zima likacheka. Rafiki yangu tunayemwita Redio akasema siku nikipata homa niitafutie dira. Mwalimu akasema joto ni skala, tuendelee. Tuendelee wapi? Mimi nimebaki palepale.

Jumatano, 8 Mei

Baada ya shule nimepitia karakana ya baba. Alikuwa amemaliza kutengeneza friza kubwa ya mwenye bucha. Kipimajoto ndani kinasoma hasi kumi na nane. Nikakigeuza kitazame ukuta. Kumi na nane. Nikakilaza. Kumi na nane ileile! Baba akauliza natafuta nini humo, namalizia watu baridi. Nikasema natafuta inakoelekea. Alicheka hadi akakalia ndoo.

"Baridi haina safari, mama. Funga hiyo friza!"

Kisha wakaisogeza, baba akivuta kuelekea mlangoni, kaka akisukuma kuelekea ukutani. Ikaenda mshazari, katikati yao! Kaka akaniambia profesa asimame pembeni apige hesabu. Hiyo ndiyo vekta. Nadhani. Na hasi ni chini ya sifuri tu, haielekei popote. Nadhani.

Alhamisi, 9 Mei

Nikifungua daftari naelewa. Nikilifunga, sielewi.

Ijumaa, 10 Mei

Joto lilikuwepo! Skala. Lakini swali la mwisho — mkondo wa umeme. Kwenye mchoro una mshale. Mshale ni mwelekeo, basi vekta? Ila baba hukunja waya atakavyo nyuma ya friji, mshale nao unakunjwa, na umeme ni uleule. Na nyaya mbili zikikutana, mikondo inajumlishwa kama namba, haijali pembe. Kisanduku cha jibu nimekiacha wazi. Nyuma ya karatasi nimeandika sababu zote, za huku na za kule. Mwisho nikaandika: sijui.

Jumatatu, 13 Mei

Arobaini na tisa.

Redio kanisema sana. Kubahatisha ni bure, kwa nini sikuandika lolote! Nimempelekea mwalimu karatasi na kuigeuza. Hakuwa ameona nyuma. Akasoma. Akarudia. Akafungua kalamu nyekundu, akauliza nani kanifundisha habari za waya kukunjwa. Nikasema hakuna. Akaifunika kalamu, akamwita mwalimu wa Hisabati, akaniambia nisubiri nje.

Naandikia hapa kwenye benchi. Mlango haukufungwa vizuri. Wa Hisabati anasema kisanduku ni kitupu, na kitupu ni sifuri, kuna mjadala gani? Wangu anamwambia soma kwanza, bwana, soma mpaka chini.

Sasa nasikia karatasi ikigeuzwa, kisha kalamu ikifunguliwa tena —