Fulana Uliyovaa Mkutanoni

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba kifua kiwe kimetulia, na jirani yetu Mama Hadija awe bado anakuletea uji, maana nakujua, ukiachwa peke yako utakunywa chai kavu siku tatu na kusema umeshiba. Mimi mwili mzima. Moyo ndio sina la kukudanganya.

Picha aliyonitumia mdogo wangu Idi nimeiona. Uko kwenye mkutano wa kampeni, umevaa fulana ya rangi ya chungwa. Baba, fulana hiyo nimeichapa mimi.

Mgombea wetu wa huko nyumbani alileta oda hapa kwa bosi wangu, Mchaga mmoja tunayemwita Mangi. Mgongoni alitaka: JIRANI NI NDUGU, FUNGUA MPAKA. Nilichapa huku naimba. Nilimwona Mama kabisa anavuka daraja kurudi kwako, baada ya miaka miwili ya kukwama ng'ambo ya mto kwa dada Zawadi, alikokwenda kumkanda uzazi, mpaka ukafungwa nyuma yake. Mtoto sasa anakimbia, bibi yake ndiye miguu haimbebi tena.

Kisha mpinzani akapanda jukwaani akamwita mgombea wetu mkwe wa adui. Watu wakashangilia. Haikupita wiki, simu ikaja: yale maneno yafutwe, kifuani tuandike MPAKA HAUFUNGULIWI. Sasa wanashindana nani atawatukana zaidi watu wa ng'ambo ya mto, na anayetukana zaidi ndiye anayebebwa juu juu.

Nilimwambia Mangi siwezi, mama yangu yuko kule.

"Pole sana, mdogo wangu," akasema. "Ila siasa za kwenu mtajuana wenyewe. Ukikataa wewe, hapo Kariakoo wamejaa kibao wanaoitaka hii kazi."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaziba maneno ya kwanza kwa bamba jeusi la wino, nikachapa mapya kifuani.

Nawe ukaivaa. Nilikasirika, Baba, sikufichi. Mkeo amekwama kule, wewe unapiga makofi? Halafu nikakumbuka aliyeichapa ni nani, hasira ikanigeukia mwenyewe. Najua pia kwamba siku hizi asiyevaa anaulizwa yuko upande gani.

Sasa nisikilize vizuri. Wino wa lile bamba niliuzidisha maji kwa makusudi, kwa hasira. Ukifua mara mbili tatu litachuja, na maneno ya zamani yataonekana. Nilijiona mjanja. Sikufikiria ni mgongo wa nani utakaokuwa chini ya maneno hayo wakiyaona wenye fimbo. Siku hizi sili nikashiba. Tafadhali usiivae tena, na umwambie Idi awaonye wenzake bila kunitaja.

Msalimie Mama Hadija, na shangazi msuka mikeka, na Idi mwenyewe. Salamu za Mama sina pa kuzipitishia. Ijumaa, dada akimbeba Mama hadi ukingoni mwa mto mpungiane, mpungie na kwa ajili yangu. Lakini nakuomba, uende na shati lako la zamani. Mama haoni mbali siku hizi, ila rangi ya chungwa ataiona.

Mwanao,
Ramadhani