Bunduki Tisa za Ensio

Sylvi Turpeinen,
Ilomantsi,
Ufini.
27 Juni 2011.

Mpendwa mdogo wangu Raili,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba nyonga yako sasa inakutii, unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mumeo Walter hajambo? Joto la huko Thunder Bay linawaruhusu kulala? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nafagia. Watu wakiniuliza hali nawajibu njema, na sioni kama nawadanganya, maana hakuna panaponiuma.

Asante kwa shada uliloagiza. Jina lako niliandika mwenyewe kwenye utepe. Usijilaumu kwamba hukuweza kuja kumzika shemeji yako. Februari ile theluji ilifika madirishani, hata waliotoka hapo Joensuu, karibu tu, walichelewa. Ensio alitoka kuchukua kuni za sauna, akakawia, nikaenda kumwita. Hayo nilikueleza kwa simu, sina la kuongeza.

Mbwa yuko kwa binti yangu Marjut. Viazi nimepanda mistari mitatu badala ya saba. Vile vimkate vyetu vya wali nimeacha kuoka. Ukioka kumi na viwili na mlaji ni mmoja, unaishia kuwalisha ndege.

Sasa kuhusu bunduki. Unazijua, zile kuukuu za jeshi alizokuwa akizikusanya shemeji yako tangu tulipooana: zetu za wakati wa vita, ile ya Kiswidi, ile ya Kijerumani yenye kitako kilichopasuka. Ziko tisa. Zimo kwenye kabati la chuma, zimepakwa mafuta, kila moja na kikaratasi chake: ilitengenezwa wapi, ilipita mikono ya nani, inapenda risasi gani. Mwenye kibali akifa, sheria haiziachi zikae tu. Lazima uamue.

Marjut alitaka polisi wazichukue zikayeyushwe. "Mama, hivyo ni vyuma vilivyoua watu," aliniambia. "Wewe unalala navyo nyumba moja, peke yako!" Taisto Kuittinen, mwenyekiti wa chama chetu cha shabaha, alitaka zigawiwe wanachama ili ziendelee kupigwa. Walinipigia simu kwa zamu. Wote wawili niliwaitikia, na sikufanya lolote. Machi ikapita, Aprili ikapita, barafu ikayeyuka ziwani.

Moja kati ya hizo ina kibali changu pia, ile ya mwaka arobaini na mbili. Tumeipiga kwa zamu kwa miaka ishirini na sita, yeye akitoka mkekani nalala mimi. Naijua kama ninavyolijua jiko langu.

Mwanzoni mwa Juni Taisto alikuja hadi uani. Hakuvua hata kofia. Akasema, "Sylvi, jina la Ensio bado liko kwenye orodha ya mashindano ya bunduki za kale. Sina moyo wa kulifuta. Njoo upige kwa niaba yake." Nilikubali, kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Hapo sina budi kukurudisha Septemba iliyopita. Katika mashindano ya mwezi ule Ensio alikuwa wa pili kutoka mwisho. Mtu aliyekuwa akirudi na kikombe kila mwaka! Nami nikamwambia mbele ya watu wote, "Mzee, bora uanze kudarizi vitambaa!" Watu wakacheka. Naye akacheka, akasema bunduki imezeeka kama mwenyewe. Tangu siku ile akawa anakwenda uwanjani peke yake, Oktoba nzima, mvua isimzuie. Nilidhani anaukimbia mdomo wangu. Nikamwacha.

Basi, Jumamosi ya tarehe kumi na nane nikaenda. Tulikuwa kumi na sita. Nililala kwenye mkeka, nikavuta pumzi, nikapiga kumi zangu za kwanza taratibu. Mkono haukutikisika. Nilijua kila risasi imekwenda nilikoipeleka.

Karatasi yangu ilipoletwa, matundu yote kumi yalikuwa yamekusanyika pamoja, kisahani cha kikombe kingeyafunika. Lakini yalikuwa juu, upande wa kulia, nje kabisa ya duara jeusi.

"Dada Sylvi!" Taisto akapaza sauti. "Unamwinda kunguru au unapiga shabaha?"

Niliigeuza bunduki nikatazama kile kijiti cha kulengea kilicho mdomoni mwa mtutu. Kilikuwa kimesogezwa kushoto, na skrubu zake zina mikwaruzo mipya. Ncha yake ilikuwa imepigwa tupa ikawa fupi. Kijiti kikienda kushoto risasi huenda kulia, na kikifupishwa hupanda juu. Raili, Ensio ni mtu aliyeninunia siku mbili nzima kwa kuwa nilisugua kutu ya bunduki kwa msasa. Alisema chuma cha kale hakipunguzwi hata chembe. Na yeye mwenyewe alikuwa amekikata kwa tupa, kazi isiyorudishika.

Nimefundisha wanaoanza kwa miaka kumi. Anayehitaji kijiti cha namna ile ni mtu ambaye mkono wake unaivuta bunduki chini na kushoto kila anapofyatua, na hawezi kuuzuia. Badala ya kuutibu mkono, alikuwa ameipinda bunduki iufuate.

Taisto alikuja na bisibisi, akainama kando yangu. "Nikisogeze kirudi mahali pake?"

"Usikiguse," nikamwambia.

Kumi zilizobaki nilipiga nikilenga pembe ya chini ya karatasi, mkono wa kushoto. Nilimaliza wa saba.

Baadaye tulikaa nyuma ya kibanda cha chama, wengine wakichoma soseji. Nilimuuliza Taisto mkono wa Ensio ulianza kumsumbua lini.

Aliweka kikombe chini. "Julai. Kiharusi kidogo. Daktari akakuta na moyo nao umechoka."

"Mbona hakuniambia?"

"We Sylvi, unajijua. Alisema ungemfungia ndani, usimwachie hata ndoo ya maji."

"Na Septemba, nilipomcheka?"

"Nilitaka kukukanya. Akasema, 'Mwache acheke. Siku akijua, hatanicheka tena.'"

Nilimaliza kahawa yangu. Nikasuuza kikombe, nikafunga bunduki kwenye mfuko wake, nikaendesha gari hadi nyumbani kwa mwendo wa kawaida. Nilimenya viazi. Nilingoja kitu kinijie, kilio au hasira, hakikuja. Hakijaja hadi leo. Ni kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaubana, hausemi.

Wiki iliyofuata bunduki nane ziliondoka. Taisto alishughulikia makaratasi, wanachama wakazichukua pamoja na vikaratasi vyake. Marjut amenuna, ila alikuja akanisaidia kufagia kabati. Ya tisa, ile yetu, nimebaki nayo. Taisto amepata kijiti kizima cha kubadilisha. Nimemwambia akae nacho.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikae kuandika. Siku ile nyuma ya kibanda nilimuuliza Taisto ni nani wengine waliojua. Alidhani nimekwisha kuambiwa. Alisema, "Ni mimi tu, na yule mdogo wako nesi wa Kanada. Ensio alimpigia simu Oktoba kumuuliza kuhusu dawa."

Sikuandikii kukugombeza. Najua alikuapisha, na najua alivyokuwa akibembeleza mtu hadi akubali. Pengine ningekuwa wewe nami ningenyamaza. Ninachotaka ni kimoja. Uniandikie alichokuambia siku ile. Sauti yake ilikuwaje. Aliogopa? Alifanya mzaha? Aliuliza itachukua muda gani, nawe ukamjibu nini? Andika yote, hata ya upuuzi, usinipunguzie kwa huruma. Mimi nilikaa naye meza moja miezi saba hiyo, na sina neno lake hata moja kuhusu jambo lile. Wewe unayo maneno yake. Na usipige simu. Kwenye simu nitakuuliza habari za mvua, kisha nitakata.

Nisalimie Walter na binti yako Kirsti, mwambie soksi za mtoto wake nimezimaliza. Marjut anawasalimu. Mungu ailinde nyumba yenu, na akupe miguu ya kutembea hadi utakapokuja tukae wawili kwenye sauna.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado,

Sylvi