Nilivyomuua Mzee Kombo kwa Kumsifu

Jumapili, Chake Chake. Mvua ya vuli leo haina adabu: inanyesha dakika tano, inaacha jua kali, ukishaanika inarudi. Nguo zangu nimezianua mara tatu. Nimechoka, nina aibu, na juu ya aibu hiyo nina furaha inayonishinda kukaa nayo peke yangu. Nimeona niimwage hapa.

Kwa anayeingia leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Raya. Kazi yangu ni duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Mapenzi yangu ni mawili, kofia za mkono na kibati. Za kofia mnazijua, picha zake zimejaa humu, na yule dada wa Maskati ambaye wazee wake walitoka Wete hanipi pumzi, kila ua jipya nikilishona anataka nimwoneshe lilivyoanza. Leo si siku ya kofia.

Leo ni kibati. Asiyekijua, hiki ni kitu chetu sisi Wapemba. Ngoma zinapigwa mbiombio, watu wawili wanajibizana kwa mashairi ya papo hapo, wengine wanaitikia na kucheza. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyekariri. Mmoja akitupa lake, mwenziwe ajibu pale pale. Ukikosa la kujibu umeshindwa, na utakumbushwa mpaka uzeeni.

Nilikisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka minane, siku ya Idi, nimepandishwa begani kwa baba ili nione. Upande mmoja alisimama Mzee Kombo wa Kiuyu, mrefu, mpole, macho kayafumba, mkono mmoja kauweka mgongoni. Upande wa pili Mzee Faki wa Kisiwa Panza, mfupi, mwenye moto, akipiga mguu chini kila akimaliza mstari. Mmoja wa kaskazini, mwengine wa kusini. Kombo hakuwa na tusi hata moja. Alikuwa akichukua neno lile lile ulilomalizia wewe, analigeuza, anakurudishia, na wewe mwenyewe unacheka kabla hujajua kuwa umepigwa. Baba alicheka mpaka akanishusha. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda siku ile, na niseme ukweli, hata mwanamume niliyeolewa naye hajafika hapo.

Kisha vikaja vyama vingi.

Sitaji vyama, kila mmoja wenu ana chake na humu tumekuja kwa kofia na ngoma. Lakini wenyeji mnakumbuka hali ilivyokuwa. Watu waligomeana maduka, waligomeana harusi, wako waliogomeana hata maziko. Mzee Faki alipanda jukwaani kwenye mkutano wa chama chake akamwimba Mzee Kombo kwa jina, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na wa kumjibu pale, kwa sababu Kombo alikuwa chama chengine. Miezi michache baadaye mama yake Kombo akafariki. Faki hakwenda kuzika. Alituma ujumbe akiapa kwamba maziko ya nyumba ile hayamhusu, hata ya Kombo mwenyewe, na yeye akifa, Kombo asisumbuke.

Tangu hapo wote wawili wakanyamaza. Nimekwenda Kiuyu mara nyingi na kinasa sauti changu, nimekula mihogo ya watu, nimeambiwa habari za zamani, lakini kuimba Mzee Kombo alikataa. "Mwanangu, kibati hakipigwi na mtu mmoja," ndilo jibu lake kila nikimwomba. Kule Panza nilikwenda mara moja tu. Mzee Faki alisikia nimetokea kwa nani, akaingia ndani.

Basi Alkhamisi iliyopita, duka halina mteja, nikakaa nikaandika. Niliandika yote niliyokuwa nayo moyoni tangu begani kwa baba. Nikaweka picha ya Mzee Kombo aliyonipa mwenyewe, ya ujanani, ya rangi nyeusi na nyeupe, kavaa kanzu. Niliandika kwamba alikuwa bingwa, kwamba ulimi wake ulikuwa na adabu kuliko wa masheikh wengine, kwamba Pemba haitopata mwengine kama yeye. Nikamalizia kwa kumwombea Mungu amlipe kheri kwa yote aliyotufanyia.

Soma tena hapo juu, ewe msomaji. Unaona nilichokifanya?

Mimi sikuona. Kwetu mtu hasifiwi namna ile akiwa yuko hai. Akiwa hai tunamwambia amezeeka, nyumba yake inavuja, mwanawe kaolewa mbali. Sifa tunamwekea mpaka akishavishwa sanda. Kwa hiyo wa kwanza kusoma hakujiuliza mara mbili, akaandika: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wa pili akafuata. Wa tano akauliza, anazikwa saa ngapi? Na mtu mmoja anayejiita Mpemba Halisi, ambaye najua fika kwamba yuko Dar es Salaam na hajatia mguu kisiwani kwa miaka, akamjibu kwa uhakika kabisa: baada ya laasiri, kesho, Kiuyu.

Sasa nikiri.

Niliziona zile rambirambi siku ile ile, baada ya magharibi. Nilijua zimekosewa. Ningeandika mstari mmoja tu, mambo yangeisha. Lakini blogu hii, ambayo siku njema husomwa na watu ishirini, ilikuwa imefurika. Watu walikuwa wakisimulia walipomsikia Mzee Kombo, harusi gani, Idi gani, mstari gani wanaoukumbuka. Nilisoma kwa raha, nikajiambia nitasahihisha asubuhi. Nikalala na raha yangu. Asubuhi bando limekwisha, nikasema nitanunua nikifika dukani, dukani nikakuta foleni ya kopi. Hivyo ndivyo nilivyofanya, na sina pa kujificha.

Kabla ya adhana ya Ijumaa akanipigia Bi Asha, binti yake Mzee Kombo. Hakunisalimia.

"Raya, kuna watu ukumbini kwetu na majembe. Wauliza kaburi lichimbwe wapi. Baba yuwanywa uji. Niwambie nini?"

Sikumbuki nilivyofunga duka. Nakumbuka ndani ya gari nilikaa baina ya kina mama wawili waliobeba mchele, mmoja anafuta machozi, anasema maskini Kombo, aliimba kwenye harusi yangu. Nilikuwa na safari nzima ya kumwambia. Sikumwambia.

Tulipofika Kiuyu watu wamejaa mpaka barabarani. Wanaume kanzu na kofia, kina mama ndani, na Mzee Kombo mwenyewe barazani, bakuli la uji mkononi, anapokea mikono ya watu waliokuja kumzika. Wengine walikuwa wakicheka, wengine wamekasirika, mzee mmoja alikuwa akilia palepale ingawa maiti alikuwa amemshika mkono. Nilipiga magoti mbele yake.

"We ndo uloniua?" akaniuliza.

"Ndo mimi, baba. Nisamehe."

"Watu wasema habari ilikuwa ndefu. Hebu nisomee."

Nikamsomea mbele ya watu, kwa simu ya Bi Asha. Aliinamisha kichwa mpaka mwisho. Nilipomaliza, akainua uso.

"Hayo yote miye?"

"Yote, baba."

Akawatazama watu wake mmoja mmoja. "Na mbona hamkunambia?"

 Mimi nililia, na sikuwa peke yangu.

Watu wa karibu walikuwa wameanza kuondoka ilipofika gari nyengine. Akashuka mzee mfupi, fimbo mkononi, goti moja halikunjiki, kanzu imelowa maji ya chumvi mpaka magotini. Kabla hajaufikia ukumbi watu walikuwa wameshapisha njia. Mzee Faki. Habari ilitangazwa msikitini kwao Panza baada ya swala ya alfajiri, na yeye, bila kumwambia mtu, akateremka pwani, akavuka kwa mashua mpaka Chokocho, akapanda gari mpaka Chake, na nyengine mpaka juu kaskazini. Kwa goti lile.

Mzee Kombo aliliweka bakuli chini.

"Assalamu alaykum," akasema Mzee Faki, anatazama watu, hatazami baraza. "Yuwapi maiti?"

"Ndo mie. Karibu, Faki."

Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kuvumilia watu wa majembe, ningeweza kuvumilia mchele. Lakini mtu kuvunja neno lake la miaka yote ile, kuja kwenye maziko aliyoapa hayamhusu, akakuta mwenzake anakunywa uji! Nilijua akigeuka pale, hatorudi tena, si kwa uhai wala kwa kifo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeifunga njia.

"Nimetoka Panza na kiza," akasema Mzee Faki. "Goti lanila. Nimeja kukuzika, Kombo. Hata kufa kumekushinda?"

"Ungejua n'mzima, ungekuja?"

"N'singekuja."

"Basi ushakuja. Kaa."

"Sikai." Akageuza fimbo yake kuelekea barabarani.

Hapo Mzee Kombo akafumba macho, mkono mmoja akaupeleka mgongoni, akatupa:

*Mgeni katoka Panza, kaja kuzika rafiki,*
*Kamkuta yuko hai, wala kukaa hataki.*

Wallahi nywele zilinisimama. Sauti ilikuwa imechakaa, pumzi fupi, lakini ni yeye. Mtu mmoja akaanza kupiga debe la maji kwa viganja, mbiombio, kama inavyotakiwa. Mzee Faki alikuwa ametugeuzia mgongo. Nikaona bega linacheza. Kisha mguu ukapigwa chini, akageuka:

*Sina haja ya kukaa, penye maiti mlaji,*
*Nimekuja na ubani, mwenyewe ataka uji!*

Ukumbi uliripuka. Kina mama wa msibani walipiga vigelegele, na Mungu atusamehe. Watu waliokuwa na majembe walikuwa wanacheza nayo. Wanaoniuliza video: haipo. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mdomoni.

Mzee Kombo hakucheka. Alingoja kelele zipungue, akasema lake taratibu kuliko ngoma, mpaka mpiga debe akalazimika kumfuata yeye:

*Miaka nimenyamaza, nikingoja wa kujibu,*
*Aliyenitia nyongo, ndiye pia matibabu.*

Tukamtazama Mzee Faki. Debe likazunguka mara moja. Likazunguka mara ya pili. Faki huyu hajawahi kukosa jibu katika maisha yake, si kwa Kombo, si kwa mtu yeyote, babu zetu wote ni mashahidi. Midomo ilifunguka, ikafungika. Mguu haukupigwa. Mpiga debe akaacha.

Mzee Faki akapanda baraza, akakaa.

Hawakukumbatiana, msidhani ni mchezo wa redio. Walikaa bega kwa bega wanatazama mbele, na baada ya muda Mzee Faki akasema kimya kimya, lakini mimi nilikuwa karibu: "Kifo cha mama yako n'lisikia siku ile ile. N'lipata muda wa kuja. N'likaa." Mzee Kombo akasema, "Najua." Bi Asha akaleta bakuli la pili la uji. Mchele wa msiba ukapikwa, kwani urudishwe kwa nani? Tulikula wote, wa chama hiki na wa chama kile, hakuna aliyeuliza.

Wakati naaga nilimwomba radhi na Mzee Faki pia, nikamwambia kosa lote ni langu, na kwamba niliziona rambirambi tangu jioni nikanyamaza kwa kuwa nilipenda kusomwa. Alinitazama sana. Akasema nimefanya vibaya na nisifanye tena. Nimelipokea, na ndiyo maana nimeliandika hapa bila kulipaka sukari. Wote mliotumia nauli zenu kwa ajili yangu, nisameheni.

Leo asubuhi nimempigia Bi Asha kujua hali. Mzee Faki bado hajaondoka Kiuyu. Anasema goti, lakini Bi Asha anasema hilo goti limempeleka chooni, msikitini na shambani bila taabu. Tangu juzi wanagombana mstari gani alianza nani, Idi ya mwaka gani, na baba yake hajalala mchana hata siku moja.

Nami nimekaa hapa najiuliza ni wangapi wengine ninaowapenda kwa kimya, nikiwawekea maneno yangu kwa siku ambayo hawatoyasikia. Kesho nikifungua duka nitaanza kuwaandikia. Na juu kabisa nitaweka tarehe, jina, na maneno YUKO HAI kwa herufi kubwa.

Limebaki moja. Humu kwenye maoni mmekuwa mkiuliza toka Ijumaa, na Mpemba Halisi ameshatoa matokeo yake kutoka Dar es Salaam kama kawaida: nani alishinda? Nilitaka kuandika kwamba hakuna, kwamba wote wawili ni mabingwa, maneno ya heshima. Nikamuuliza Bi Asha awaulize wenyewe. Nikasikia simu inanyang'anywa, na sauti ya Mzee Faki ikaniingia sikioni, kali, kama anamtuma mtoto dukani.

"Andika Faki kashindwa. Andika vizuri, na Panza wasome."