Orodha ya Makosa kwa Ajili ya Rehema

Mdogo wangu Salima,

Nakusalimu kutoka Kigali, ambako asubuhi kuna baridi na sweta uliyonifungia imenifaa sana.

Uliniagiza nimrudishe binti yangu Tanga, kwa kuwa mkuu wake kazini anasema programu alizokuwa akiziandika sasa zinaandikwa na mashine, na mkataba wa Rehema unaisha mwezi huu. Jana mimi naye tulikwenda kwenye duka moja mtaa wa Muhima kuijaribu programu ya ofisi yao, inayopokea simu za wateja wa mizigo. Mama Solange, muuza vitambaa, akaiuliza: "Mzigo yangu iko wapi?" Ikamjibu kwa Kiswahili fasaha kwamba haijamwelewa. Akarudia kwa kelele, kisha akanigeukia: "Mwalimu, hii mashine iko na kiburi! Ilisoma kwako?"

Duka zima likacheka. Nikaiuliza mimi: "Mzigo wangu uko wapi?" Ikaelewa papo hapo.

Rehema hakucheka. "Baba, wewe na mashine mnajua Kiswahili kimoja. Wateja wana kingine, nami ninakijua."

Basi simrudishi. Ijumaa atamwonyesha mkuu wake kazi ambayo mashine haijaiweza: kuifundisha programu hiyo Kiswahili cha wateja. Nami, niliyekata makosa kama ya Mama Solange kwa wino mwekundu maisha yangu yote ya ualimu, nimeketi naye mezani nikimwandikia orodha ya maneno hayo ya wateja, kwa mwandiko safi, bila kusahihisha hata moja.

Tuombee dua Ijumaa, na usiache dawa yako ya macho.

Kaka yako akupendaye,
Hamisi