Mluzi wa Pasaka

Jumatatu, 3 Julai 1978

Nimechemsha nyuzi za gitaa tena, kwenye sufuria kuukuu. Mpya hazipatikani Shinyanga nzima. Zikikauka zinachangamka kidogo. Basi, zitatosha.

Zimebaki siku ishirini. Jumapili ya tarehe 23 mwanetu Deogratias anapadirishwa nyumbani kwetu Ushirombo. Ameomba kitu kimoja tu: mama yake aimbe wimbo wa shukrani, mimi nipige gitaa. Misa itakuwa nje, kanisa halitoshi watu. Tangu Mama Deo apasuliwe tezi la shingo, sauti yake ni tamu bado, ila nyembamba. Haivuki safu ya tatu. Gitaa kavu nalo haliendi mbali. Bila vipaza sauti hatusikiki.

Na yeye vipaza sauti havitaki kabisa. Siku ya Pasaka, hapa parokiani, mashine ya kuazima ilipiga mluzi katikati ya wimbo wake. Watoto waliziba masikio. Wakubwa walicheka. Akanyamaza, akaenda kukaa. Watu wakasema mama alisogelea mno maikrofoni.

Mimi najua ililia kwa nini. Sitaki kuandika leo.

Alhamisi, 6 Julai

Nimetoka kazini kwenye mizani ya pamba saa tisa, moja kwa moja kwa Fundi Masanja wa redio, hapa hapa Ngokolo. Ana mashine ya kubeba anayoipeleka kwenye sherehe: amplifaya kwenye sanduku lenye mpini, spika moja ya honi, spika nyingine ya sanduku la mbao, maikrofoni moja, betri ya gari.

Tumejaribu. Maikrofoni mbele ya tundu la gitaa: mvumo mtupu, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Tukaisogeza pale shingo inapoungana na mwili, umbali wa shubiri. Loo! Kila uzi ukasikika peke yake. Nikacheka kama mjinga.

Fundi akauliza, "Na mama ataimbia wapi?"

Maikrofoni moja. Watu wawili. Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumamosi, 8 Julai

Fundi amefungua mkono wa simu mbovu, akatoa kile kidude cha kusikilizia. Anasema kikibandikwa ndani ya gitaa kitasikia mtikisiko wa ubao na kuupeleka kwenye tundu la pili la amplifaya. Maikrofoni abaki nayo mama.

Niliogopa. Gitaa hili nimelishika miaka kumi na sita. Nikamwachia.

Kwanza sauti ilitoka puani. Mkono wa shati ukigusa ubao, spika inakwaruza. Tumekihamisha mara saba, tukikishikiza kwa nta ya mshumaa, mpaka tukapata mahali: chini kidogo ya pale nyuzi zinapofungwa, upande wa nyuzi nyembamba. Hapo lilisema kama gitaa. Akakibandika kwa gundi.

Jumapili, 9 Julai

Barua kutoka kamati ya Ushirombo. Mwenyekiti, Mzee Lubango, anasema wamesikia habari za Pasaka. Kama hatuna hakika, bendi ya tarumbeta ya Kahama iko tayari kushika nafasi yetu.

Mama Deo ameisoma amesimama. "Waache wapige tarumbeta," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Niliona ameshusha mabega. Amefurahi kuponyoka. Nimekasirika. Kisha nimeona aibu, maana hasira yenyewe haina haki.

Jumatano, 12 Julai

Tumetoa mashine uani ili tuipandishe sauti ya kutosha umati. Ikalia. Mluzi ule ule. 

Fundi hakubabaika. Akazibeba spika akaziweka mbele yetu, mbali, zikitazama barabarani. Akapunguza besi, akaziba tundu la gitaa kwa kipande cha kitenge. Ikatulia. Akaniambia mluzi ni sauti ya spika inayorudi kwenye mashine na kutoka tena, inazunguka bila mwisho. Kisha akauliza, "Pasaka nani alikuwa ameshika vitufe?"

Nikasema sikumbuki. Nimemdanganya mtu anayenisaidia. 

Ijumaa, 14 Julai

Nimemwambia Mama Deo.

Alikuwa anamenya viazi. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyeliza mashine siku ya Pasaka. Nilikuwa silisikii gitaa langu kwenye spika. Watu walikuwa wanamtazama yeye, mimi sijisikii, nikanyoosha mkono nikazungusha kitufe. Kidogo, kisha zaidi. Ndipo ikalia. Yeye hakusogelea kitu. Nilisikia watu wakimlaumu nikakaa kimya.

Aliweka kisu chini. "Miezi mitatu, Baba Deo. Miezi mitatu nameza sauti kanisani, nadhani walichonikata shingoni ndicho kinachoharibu mashine za watu."

Hakulia. Bora angelia. Amehamishia mkeka wake chumba cha wageni.

Jumatatu, 17 Julai

Ananiwekea chakula. Kisha anarudi chumba cha wageni. Sijawaandikia Ushirombo neno lolote.

Jumatano, 19 Julai

Nilikuwa kwa Fundi, namweleza kwamba safari haipo tena. Mama Deo akaingia peke yake, kitenge kipya kichwani.

"Mwangaluka," Fundi akamsalimu Kisukuma. Akaitikia, akapita mbele yangu hadi kwenye amplifaya. Akauliza kila kitufe kinafanya nini. Fundi akamweleza kimoja kimoja. Kisha akanigeukia.

"Namwimbia mwanangu, sikuimbii wewe. Na hivi vitufe nitavishika mimi. Wewe piga gitaa."

Nikasema sawa.

Ana masikio kutushinda wote wawili. Gitaa akalitoa kwenye honi, akaliacha kwenye spika ya mbao peke yake. Akapandisha sauti polepole hadi mashine ilipoanza kunong'ona, akarudisha nyuma kidogo, akaacha hapo. Akaimba mdomo karibu na maikrofoni, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mgongoni. Fundi aliacha kazi yake yote. Mimi nilipiga vibaya.

Ijumaa, 21 Julai

Tinde, Kahama, Ushirombo, juu ya lori la magunia. Fundi ametuazima mashine, yeye amebaki kwa harusi ya ndugu. Gitaa nimelipakata njia nzima. Barabara ina mikunjo kama bati, meno yanagongana. Mama Deo alikaa na dereva.

Tumefika jioni kwa kaka wa Mama Deo. Nikalitikisa gitaa. Kitu kinagonga ndani. Kidude kimebanduka.

Jumamosi, 22 Julai

Fundi viatu wa sokoni amenipa gundi yake. Nimeingiza mkono tunduni, napapasa bila kuona, mpaka nikapata alama ya gundi ya zamani. Nikabana kwa kidole hadi mkono ukafa ganzi.

Alasiri tulijaribu mbele ya Mzee Lubango. Haikulia. Hakusifu. "Kesho ikilia mara moja tu, tarumbeta zinaingia." Mama Deo akamjibu, "Haitalia, baba." Natamani ningekuwa na hakika yake. Gundi haijakauka vizuri. Sikumwambia Lubango. Mama Deo nimemwambia.

Jumapili, 23 Julai

Watu wamejaa mpaka kwenye miti ya mpaka wa shamba la misheni. Upepo. Wapiga tarumbeta wamekaa upande wa kulia, vyombo magotini, wanatusubiri.

Ubeti wa kwanza, safi. Lubango akapunga mkono kutoka nyuma: ongezeni, ongezeni. Mkono wangu wa kulia uliwashwa kugusa vitufe. Mama Deo akatikisa kichwa tu, akaimba chini zaidi. Umati ukanyamaza ili umsikie. Sijawahi kuona kitu kama hicho.

Ubeti wa tatu, kidude kikadondoka. Kishindo kimoja kwenye spika, kisha gitaa likatoweka. Nikabaki najisikia peke yangu, kama niko jikoni. Mkuu wa tarumbeta akainua chombo chake.

Mama Deo hakukatisha neno. Kwa mkono mmoja alizima kitufe cha gitaa, kwa mwingine akalegeza chuma cha maikrofoni, akaishusha. Akapiga goti kando ya kiti changu, bega lake likagusa langu. Maikrofoni moja katikati, yeye juu, shingo ya gitaa chini. Jambo hilo hatukuwahi kulifanyia mazoezi. Nikapunguza nguvu ya vidole hadi nikamsikia yeye vizuri kuliko ninavyojisikia. Ndipo gitaa likasikika.

Wimbo ukafika mwisho bila mluzi. Deo alikuwa amefunika uso kwa mikono ya kanzu yake mpya. Mkuu wa tarumbeta alishaweka chombo chini.

Jumatatu, 24 Julai

Asubuhi ya baridi. Wageni wengi wameondoka. Deo anatoa Misa yake ya kwanza ya siku ya kawaida, watu wachache.

Mama Deo anataka tubaki hadi Alhamisi. Nimekubali. Kuhusu Pasaka hajasema lolote, nami sijauliza. Amekaa kwenye gunia kibarazani anabangua karanga. Amenyoosha miguu. Anaimba chini chini wimbo wa watu wa Ushirombo wa kupalilia, sidhani anajua kwamba anaimba.

Nilikuwa nimeshika gitaa. Nimelilaza kitandani, nimekaa mlangoni kumsikiliza.